Nilivyobeba watu 71 kwenda sinema Durban wasikie sauti yangu kwenye filamu ya katuni

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kwanza niseme wazi: kwa umri wangu huu hakuna kitu duniani kinaweza kunishangaza. Nimetoka Uvira na kandambili, nikavuka ziwa mpaka Kigoma, nikauza chaja Kariakoo miaka minne, nikashuka Zambia, Zimbabwe, mpaka hapa Durban. Leo nina duka la simu mjini kati, counter mbili, AC, na jina langu kwenye kioo kwa herufi za dhahabu.

Shule niliishia darasa la nne. Wenye digrii zao wananiletea simu zilizoanguka chooni niwaokolee picha za harusi, na wananiita Patron, yaani bosi.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Patron, kaa chini nikupe habari", huwa sikai. Nasikiliza nimesimama.

Ila hii niliikalia. Ni kweli tupu, na mke wangu Mama Neema yuko nyuma ya bega langu anasoma ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Mtanisamehe na Kiswahili changu, kimepita mipaka mingi kuliko pasipoti yangu.

Twende.

Kule Uvira, parokiani, iliwahi kuwepo kabati ya vitabu walivyoacha mapadri Wabelgiji. Humo iko BD, yaani vitabu vya katuni, vile vya zamani vya Ulaya vyenye jalada gumu. Jina la hii ninayosema sitalitaja, nilisaini karatasi. Tutafika kwenye hiyo karatasi.

Sisi tulimwita Fundi Saa. Mzungu mmoja mrefu mwembamba, anazunguka dunia nzima kutengeneza saa za watu, na bata bukini wake anamfuata nyuma kama mke mwenye wivu. Kila kitabu nchi mpya, kila nchi matatizo mapya, na kila tatizo analimaliza kwa bisibisi.

Wakuu, mimi Kifaransa nilijifunzia kwenye yale mapovu ya maneno yanayochorwa juu ya vichwa vyao. Na bisibisi niliipendea pale pale. Wengine walikuwa na mwalimu, mimi nilikuwa na Fundi Saa.

Sasa kuna kitabu kimoja anafika Afrika, na kuna ukurasa anavushwa ziwa na mtu mweusi mwenye mtumbwi. Viboksi vitatu tu. Cha kwanza wanaondoka, cha pili wako katikati, cha tatu wamefika na Fundi Saa anatoa pesa.

Yule mtu hakuwa na jina. Na alichorwa vibaya, nisiwafiche. Midomo kama mikate miwili, macho kama sahani. Ndivyo walivyotuchora siku zile.

Lakini sisi tulimpenda. Alikuwa kwenye ziwa letu! Mimi mwenyewe nilianza kupiga kasia nikivusha watu na mizigo yao nikiwa na miaka kumi na mbili. Tukicheza tuligombania kuwa yeye, hakuna aliyetaka kuwa Fundi Saa.

Ziwani ndiko nilikopata na tabia moja ambayo watu wa Albert Park, mtaa wetu hapa Durban, wote wananijua nayo. Kabla ya kupokea pesa nafuta kiganja kwenye paja mara mbili, halafu nakipuliza, puu, ndipo naunyoosha mkono. Noti ikishikwa na mkono wa maji inaoza, ndiyo sababu. Leo niko ndani ya AC, mkono mkavu kama biskuti, na bado nafuta na kupuliza.

Jirani yangu Kabura, Murundi mwenye saluni ya kunyoa, ananicheka kila siku. "Patron, weye hiyo pesa unaipokea ao unaibariki?"

Haya. Sasa tuje Durban.

Siku moja anaingia dada wa Kizulu, jina lake Nokuthula, amebeba kitu kama sinia kubwa limefungwa kwenye taulo. Ilikuwa ile screen wanayochorea, unaandika juu yake kwa kalamu ya plastiki. Sehemu ya chaji imekufa. Mafundi wawili walishamwambia aitupe.

Nikamwambia, dada, hao ni mafundi wa kufungua, mimi ni fundi wa kufunga. Kaa hapo.

Dakika arobaini, imewaka.

Ilivyowaka, iko picha juu yake. Mtumbwi. Ndani ya mtumbwi mzungu mrefu mwembamba. Miguuni pake bata bukini.

Nikasema, huyu namjua.

Nokuthula akacheka. "Baba, unamjua kutoka wapi? Ni katuni ya zamani ya Ulaya. Tunaitengeneza kuwa filamu. Hawa wa Ulaya wametupatia sisi wa Durban kuchora sehemu ya Afrika."

Halafu akabonyeza. Fundi Saa akageuza shingo.

Wakuu. Mtu unamjua miaka karibu arobaini. Hajawahi kutikisa hata kidole. Kofia yake upepo unaipeperusha lakini haijawahi kutua. Leo anageuza shingo, anakutazama, anapepesa macho, na bata wake anajikung'uta maji.

Nilikaa. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, ndani ya duka langu mwenyewe.

Lakini mimi ni mimi, sikukaa kimya sana. Nikaangalia yule mwenye mtumbwi, nikaanza kucheka.

"Dada, huyu anaenda wapi?"

"Anavuka ziwa, baba."

"Anavuka ao anarudi? Mbona ameupa mgongo anakokwenda?"

Walikuwa wamemchora na makasia mawili, amekaa kinyume, anavuta kama wale wazungu wa klabu wanaofanya mazoezi bandarini pale. Mtumbwi wa kwetu haupigwi hivyo! Unakaa nyuma, unaangalia mbele, kasia ni moja. Ukitaka kulihamisha upande unaligonga kidogo kwenye ubao, tok, maji yadondoke, lisimlowanishe abiria.

Nokuthula akafungua kitabu cha asili kwenye simu. Vile viboksi vitatu. Akasema taratibu, "Lakini hapa haionyeshi."

Nikatazama. Kweli haionyeshi. Mtu ameshika kasia, basi. Kwenye kiboksi huwezi kujua anavuta au anasukuma, anatazama anakotoka au anakokwenda. Ukisoma, wewe ndiye unayemsogeza kichwani mwako. Mimi nilimsogeza Kivira. Wao walimsogeza kiklabu.

Akaniuliza kama naweza kuja kazini kwao niwaonyeshe. Nikajibu niko busy sana, acha niangalie. Nikaenda kesho yake saa mbili asubuhi, na suti.

Ofisi yao iko Greyville, ghorofani, dirishani unaona uwanja wa farasi. Nilitegemea kelele, muziki, vijana wa sanaa. Nikakuta watu kama thelathini na headphone, kimya kama mtihani wa taifa. Ukuta mzima umebandikwa michoro, filamu yote pale, kuanzia dirishani mpaka mlangoni.

Mimi simsifii mtu ovyo, mnanijua wanaonijua. Lakini wale watu nawavulia kofia.

Nokuthula alinionyesha. Sekunde moja ya filamu, picha ishirini na nne. Kati ya kiboksi cha kwanza na cha pili, pale ambapo mchoraji wa zamani aliacha mstari mweupe tu na akaenda zake kula, wao wanajaza kila kitu. Bega linapandaje. Maji yanafungukaje. Bata anaogopa saa ngapi. Mchoro mmoja mmoja, na kila mchoro ni lazima uwe na mkono wa yule mzee aliyechora vitabu, ule mstari wake mwembamba usiotetemeka. Kuna jamaa pale kazi yake wiki nzima ilikuwa kofia kudondoka. Kofia! Sekunde nne!

Kuna mwingine alishinda shambani siku tatu anarekodi mabata bukini wakitembea. Akaumwa na bata. Akarudi tena.

Mimi natengeneza simu tatu kwa saa najiona mashine. Pale niliona aibu kidogo. Kidogo tu.

Wakamweka director kwenye screen kubwa, Mbelgiji, yuko kwao. Mtu wa heshima, akanieleza ukweli. Kwamba ile sehemu ya mwenye mtumbwi walikuwa wanafikiria kuiondoa, kwa sababu ule mchoro wa zamani unawatia aibu.

Nikamjibu kwa Kifaransa changu cha mapovu: "Monsieur, aibu ni mchoro, siyo mtu. Mchoreni upya. Mkimtoa, Fundi Saa atavukaje? Atapanda bata?"

Ofisi nzima ilicheka, hata wasiojua Kifaransa. Director akasema, basi tuonyeshe anavyopiga kasia.

Wakapanga meza mbili, kiti juu, wakanipa ufagio. Kamera mbele, kamera pembeni. Mimi na suti yangu nikavua viatu, nikapanda. Nikapiga kasia kutoka Uvira mpaka Kigoma bila kutoka Greyville. Tok, tok. Nokuthula anashangilia, "Sharp, baba, sharp!"

Halafu wakaniingiza kwenye chumba kidogo chenye sponji ukutani. Yule mwenye mtumbwi sasa amepewa jina na sentensi kumi na moja, na atazisema kwa Kiswahili. Nikazisema. Ile moja ya "Kaa katikati, mzungu, ziwa halina kiti cha nyongeza", niliiongeza mimi kutoka kichwani mwangu, na wakaipenda.

Mwisho nikarudi kwenye zile meza kuvaa viatu, Nokuthula akaja na bahasha, eight hundred rand, nikaipokea kwa heshima zake. Kamera zilikuwa bado zinawaka, mimi sikujali.

Na ile karatasi. Kurasa mbili, Kiingereza, herufi kama siafu. Mimi kukiri mbele ya wale watoto wa chuo kwamba Kiingereza cha kusoma kinanipiga chenga? Haiwezekani. Nikaishika mbali kidogo na macho kama daktari, nikahesabu kimoyomoyo moja mpaka thelathini, nikageuza, nikahesabu tena, nikasaini.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, nikainua mkono. Nikasimama. Nikasema, wapendwa, sauti ya mtoto wa Uvira itasikika dunia nzima kwenye sinema. Na siku filamu ikifika Durban, kila aliye ndani ya nyumba hii, ticket iko kwa mkono wangu. Usafiri kwangu. Popcorn za watoto kwangu.

Waliimba, wakuu. Mama mmoja alipiga vigelegele mpaka akakohoa.

Kabura peke yake ndiye aliyebaki anatikisa kichwa. "Patron, sauti yako hata kwaya imeikataa. Hawo Wazungu wameipendea nini?"

Nikamwambia subiri, wewe Murundi. Utalipia kiti cha mbele unisikie vizuri.

Ikapita miezi kumi na nne. Kila Jumapili mtu ananiuliza, filamu iko wapi? Nami najibu kama msemaji wa kampuni: "Tuko kwenye hatua za mwisho."

Nokuthula akaja dukani na habari njema, filamu inatoka wiki tatu zijazo. Nikamuuliza sauti yangu imetokaje.

Akavuta kiti cha wateja, akakaa. Nilijua kabla hajasema. Fundi anajua simu imekufa kwa jinsi ilivyo nzito mkononi.

"Baba, ile ilikuwa sauti ya muda. Tunaita scratch. Tunarekodi mtu yeyote kwanza ili wachoraji wapate vipimo vya mdomo, halafu anakuja actor. Amekuja mmoja wa Paris, mzaliwa wa Kongo, fundi kabisa. Iko kwenye ile form. Ulisoma, si ndiyo?"

"Nilisoma," nikasema. "Nimesahau tu."

Wakuu, mtu yeyote. Alisema mtu yeyote, na hakusema kwa ubaya. Eish.

Usiku sikulala sawasawa lakini sikumwambia Mama Neema. Ningesemaje? Miezi kumi na nne natembea Albert Park kama balozi. Wanaojaza magari ya watu mizigo pale nje wananiita Actor. Nikighairi, nimekuwa mwongo mbele ya kanisa. Nisipoghairi, ninawabeba watu na pesa yangu mwenyewe kwenda kushuhudia kwamba mimi ni mwongo.

Nikachagua kuwabeba. Angalau neno la ticket lisiwe la uongo. Moja kati ya mawili.

Jumamosi saa nne asubuhi, taxi tano zimejaa, na taxi za hapa ni kama daladala. Watu sabini na mmoja. Akina mama na vitenge vya sare, wazee na tai, Kabura amevaa miwani ya jua ndani ya jengo. Wazungu na Wahindi waliokuja na watoto wao walidhani kuna harusi.

Mimi nilikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Mama Neema akaniambia, "Papa Neema, njoo mbele, weye ndiyo mwenye filamu." Nikamwambia mgongo unauma.

Taa zikazimika.

Niseme ukweli, kwa dakika nyingi nilisahau matatizo yangu. Ile filamu ni nzuri, wakuu. Ni nzuri kuliko vitabu, na hilo sikutegemea kulisema maishani. Hawakuharibu kitu. Kofia ilidondoka zile sekunde nne na ukumbi wote ukacheka, nikataka kusimama niwaambie, mnajua hiyo ni wiki nzima ya mtu? Bata alipotembea nilimkumbuka yule jamaa aliyeumwa. Na ziwa! Rangi ya asubuhi ya ziwa letu, ile ya maziwa yaliyotiwa bluu kidogo. Wamama walishusha pumzi pamoja.

Halafu akatokea mwenye mtumbwi. Mtu mzima, mzuri, uso wa mtu kabisa. Anatazama mbele. Kasia moja. Tok.

Akafungua mdomo. "Kaa katikati, mzungu, ziwa halina kiti cha nyongeza."

Sauti nzito, tamu, kama redio.

Siyo yangu.

 Nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja kunitafuta gizani. Kabura akasema, na hakunong'ona: "Patron, ulikuwa na mafua?"

Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika sehemu ya kuegemea kiti, nisimame nitoke. Mlango ulikuwa hatua tatu.

Mtumbwi ukafika ng'ambo. Fundi Saa akashuka, akajipapasa mfukoni, akatoa noti. Kile kiboksi cha tatu.

Mwenye mtumbwi akautazama mkono wake.

Akaufuta kwenye paja. Akaufuta tena. Akapuliza kiganja, puu. Ndipo akaunyoosha.

Mama Neema ndiye wa kwanza. Alisimama kabisa. "Aye! Ule ni Papa Neema! Ule mukono ni wa bwana yangu!"

Wakuu, ukumbi ulipasuka. Watu sabini na mmoja wanafuta mapaja na kupuliza viganja. Kabura amevua miwani, anapiga kelele, "Ni yeye! Ni Patron! Wamemuiba mpaka na pumzi!" Mzungu mmoja mbele akageuka kusema shhh, halafu akaona jinsi tulivyo wengi, akaacha.

Mimi nilikuwa nimekaa. Sikuweza kusimama hata kama jengo lingeungua.

Kumbe Nokuthula ile siku ya bahasha aliacha kamera iwake. Mkono wangu aliuchora mwenyewe, wiki mbili. Hakuniambia kwa sababu alidhani nilijua. Ilikuwa kwenye ile form.

Jina lake lilipopita mwishoni tulisimama kumpigia makofi, ndilo pekee tulilolijua kwenye orodha ndefu kama ya Mambo ya Nyakati.

Nje, kwenye zulia, niliwakusanya nikawaambia yote. Scratch, actor wa Paris, karatasi. Nilidhani watanizomea. Mama Neema akaniuliza swali moja tu.

"Ile karatasi ulisoma?"

"Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?"

"Mpaka thelathini. Mara mbili."

Alicheka mpaka akakaa chini na sare yake. Tangu siku hiyo karatasi yoyote inayoingia dukani inapita kwake kwanza, mimi nasaini alipoweka kidole.

Nilichojifunza, wakuu: usisaini usichokisoma, na kama huwezi kusoma, sema. Hakuna aliyekufa kwa kusema. Na kingine, mimi nilitembeza mdomo miezi kumi na nne kutangaza sauti, na kilichobaki duniani ni kitu ninachofanya kila siku bila kutangaza. Hilo bado nalitafakari.

Kwa wanaochora humu, na wanaodharau watoto wao wanaochora, naomba maoni yenu. Na kama kuna mtu wa Uvira aliyesoma Fundi Saa kwenye lile kabati la parokia, ajitokeze, nadhani kuna ukurasa mmoja uliouchana wewe.

Kabura amesema nisifunge uzi bila kutaja gharama, maana najisifu sana kwa kupata na sijisifu kwa kutoa. Haya. Ticket sabini na moja, taxi tano kwenda na kurudi, popcorn za watoto, na soda moja ya Kabura ambayo sikuiahidi, nikitoa ile eight hundred waliyonilipa: nine thousand two hundred and seventeen rand, fifty cents.